Bagika, Bagalu na haki ya sheria za kundi

Mashindano ya ngoma ya Kisukuma yana kanuni moja ya ushindi, nayo ni fupi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, yametengana kiasi tu cha kila moja kuisikia ngoma ya mwenzake. Watazamaji wako huru kwenda watakako na kurudi watakapo. Mwisho wa mchezo, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna refa wa kupuliza kipyenga wala jopo la kuandika alama. Mtazamaji hanyooshi mkono wala hatii saini popote. Akisimama kwako amekupa, akiondoka amekunyang'anya.

Chini ya kanuni hiyo moja ndipo yalipo mambo mengine yote, na mengi kati ya hayo si ya wote, ni ya kundi. Ngoma za mashindano Usukumani hujipanga upande wa Bagika au upande wa Bagalu. Kila upande una dawa zake, una mlolongo wake wa waganga, una namna yake ya kumwingiza mwanachama mpya, una nyimbo na mbinu zinazorithiwa kutoka kwa waliotangulia. Hizo ndizo ninazoziita sheria za kundi: yale ambayo wewe unaruhusiwa na mwenzako hana, au anayo kwa sura nyingine. Swali ni hili: pande mbili zisizo na vifaa sawa zikikutana uwanjani, tutajuaje kama mchezo ni wa haki?

Katoro ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo. Mji huu wa biashara, kwenye barabara ya kutoka Geita kwenda Chato, haukuwa sehemu ya Usukuma wa zamani. Hii ilikuwa nchi ya Wazinza. Wasukuma walizidi kumiminika Geita kutafuta ardhi ya mifugo na pamba, hasa pale serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma kuanzia mwaka 1947 na kuwahimiza watu wahame maeneo yaliyobanana. Walipohama walihama na ngoma zao, na ngoma zilihama na pande zake. Kisha ikaja dhahabu. Machimbo ya Rwamgasa na Nyarugusu, na mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000, vimeleta watu wa kila kabila na fedha ambayo mkulima wa pamba wa zamani hakuwahi kuishika kwa mkupuo. Kwa hiyo hapa kanuni ya umati inakutana na umati wa aina mpya, na sheria za kundi zinakutana na mfadhili.

Turudi kwanza kwenye chimbuko. Masimulizi ya Wasukuma yanawataja watu wawili, Ngika na Gumha, walioishi katikati ya karne ya 19. Wote wawili walikuwa wachezaji, na wote walikuwa waganga. Walibishana ni dawa ya nani yenye nguvu zaidi. Ubishi wa namna hiyo hauna mwisho, maana dawa haionekani ikifanya kazi. Kila mganga ana mgonjwa wake aliyepona wa kumtolea ushahidi. Suluhisho lililopatikana lilikuwa kuzipambanisha dawa zenyewe uwanjani kwa njia ya ngoma. Ambaye dawa yake itawavuta watu wengi, huyo amemshinda mwenzake. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na upande wa Gumha ndio uliokuja kujulikana kama Bagalu.

Mimi naona huu ni ugunduzi mkubwa, na haujapewa heshima inayostahili. Walichukua kitu kisichopimika wakakifunga kwenye kitu kinachohesabika. Dawa ya mvuto, ile inayoitwa samba, ikabaki siri ya kundi. Hakuna aliyelazimika kuitaja mizizi yake. Lakini matokeo yake yalikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Hapo wabunifu wa michezo wa leo wangejifunza jambo: kama unampa mtu nguvu ya siri, basi kipimo cha ushindi kisiwe cha siri.

Na samba si kifaa pekee. Angalia kile kinachotolewa uwanjani ngoma ikikolea. Kuna wanaocheza na chatu, wakimzungusha shingoni na kumpitisha mbele ya watu hadi safu ya mbele irudi nyuma kwa kelele. Kuna bugobogobo, ngoma iliyotoka kwenye kazi ya shamba, ambamo majembe yanarushwa na kudakwa huku ngoma kubwa ikipigwa kwa nguvu. Kuna jamii za wawinda nungunungu na za wataalamu wa nyoka ambazo ufundi wao wa porini uligeuka kuwa maonyesho. Na kulikuwa na sanamu za mbao zenye umbo la mtu, nyingine zikiwa na mikono iliyoungwa ili icheze. Sanamu kama hiyo haikutolewa mwanzo wa mchezo. Ilifichwa. Ilitolewa pale manju, au ningi kama Wasukuma wenyewe wanavyomwita, alipoona watu wameanza kugeuza vichwa kuelekea upande wa pili. Inainuliwa juu ya vichwa vya wachezaji, inatikiswa mikono, na waliokuwa wameanza kuondoka wanageuka kutazama ni nini kile.

Tukio hilo la sanamu lina ndani yake jibu la swali letu. Mpinzani anafanya nini sanamu ikishainuliwa? Anaiona. Anasikia umati ukishangilia upande wa pili. Na kwa kuwa yuko uwanjani saa ile ile, ana nafasi ya kujibu: kuanzisha wimbo mpya unaomkejeli mwenye sanamu, kumtoa chatu ambaye alikuwa amemweka akiba, au kuongeza kasi ya ngoma. Kwa hiyo kifaa cha upande mmoja, hata kiwe kikali namna gani, hakifungi mlango. Kinafungua zamu ya mwingine. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza cha sheria ya kundi: kama inamwachia mpinzani la kufanya, ni halali hata ikiwa na nguvu kubwa. Kama inamwacha mikono mitupu, ni mbovu hata ikiwa ndogo.

Tazama kwanza michezo isiyo na sheria za kundi, maana hapo pana mkanganyiko wa kawaida. Bao la kete halina kundi. Kila mchezaji anaanza na kete 32, kumi zikiwa ubaoni na 22 mkononi, na kila mmoja ana nyumba yake. Tofauti pekee ni nani anaanza. Simba na Yanga zina rangi, historia na mashabiki wanaoweza kukosana na ndugu zao, lakini sheria za mpira ni zile zile kwa wote wawili. Huo ni upande wa moyo, si upande wa kanuni. Watu wengi wakisikia "haki" wanafikiria usawa wa aina hiyo, kila mmoja apewe kilekile. Bagika na Bagalu hawako hivyo, na kuwalazimisha wawe hivyo ni kuua ngoma.

Mfano wa ng'ambo unaofanana nao zaidi unatoka Uingereza, kwenye michezo ya vita ya mezani. Watu wanapaka rangi askari wadogo wa plastiki, wanawapanga juu ya meza yenye vilima na magofu, wanapima mwendo kwa rula na kuamua mapigano kwa dadu. Mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu cha sheria za mchezo wa aina hiyo mwaka 1913, na jeshi la Prussia lilikuwa limeshautumia mtindo wa karibu nao kufundishia maofisa karibu karne nzima kabla yake. Uliotia fora siku hizi ni Warhammer 40,000 wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, uliotoka mwaka 1987, ambao vita vyake viko miaka mingi mno mbele, kwenye nyota za mbali. Kila jeshi lina kitabu chake cha sheria. Mojawapo ni la binadamu walioimarishwa miili wakavikwa deraya nzito, jingine ni la viumbe wa kale wenye kasi na maono ya mambo yajayo, jingine ni la majitu ya kijani yanayopenda vurugu. Mashabiki wanavichambua vitabu hivyo ukurasa kwa ukurasa kila kinapotoka kipya.

Kinachoyaunganisha majeshi hayo ni pointi. Kila kikosi kina bei, na katika mchezo wa kawaida wa mashindano kila mchezaji ana pointi 2,000 za kununulia jeshi lake. Wazo lake ni kwamba jeshi dogo la mashujaa na jeshi kubwa la makabwela vikigharimu sawa vitakuwa na nguvu sawa. Wazo ni zuri, lakini bei huwekwa na binadamu, na binadamu hukosea. Mwaka 2022 jeshi jipya la mbilikimo liitwalo Leagues of Votann lilipotangazwa, sheria zake zilikuwa kali kiasi kwamba baadhi ya waandaaji wa mashindano walilikataa, na kampuni ikapandisha bei zake kabla kitabu chenyewe hakijaenea madukani. Mwaka uliofuata, toleo la kumi la mchezo lilipoanza, wale viumbe wa kale, Aeldari, walikuwa na sheria ya kutupa dadu kabla ya mapambano, kuziweka kando, na kuzitumia baadaye badala ya zile ambazo zingetupwa wakati huo. Mpinzani anakabiliana na dadu ambayo tayari ina jibu. Walitawala mashindano kwa miezi, hadi bei zao zilipopandishwa tena na tena.

Ipime sheria hiyo ya dadu kwa kipimo cha uwanja wa ngoma. Shida yake haikuwa nguvu. Majeshi mengine nayo yalikuwa na nguvu. Shida ni kwamba ilifuta kubahatisha kwa upande mmoja tu, na mpinzani hakuwa na cha kufanya isipokuwa kusubiri. Ni kama kundi moja la ngoma lingeruhusiwa kuhesabu watu wake asubuhi, kabla mwenzake hajakaza ngozi za ngoma zake motoni.

Games Workshop wamesema hadharani lengo lao ni kila jeshi liwe linashinda kati ya asilimia 45 na 55 ya michezo yake. Kwa hiyo wanafuatilia matokeo na kurekebisha bei kila baada ya muda. Ni utaratibu wa maandishi, unaotoka juu. Bagika na Bagalu nao wanajirekebisha, ila kwa njia nyingine: aliyeshindwa msimu huu anarudi nyumbani, anatafuta mganga mwingine, anatunga nyimbo mpya, anaiba mbinu aliyoiona, na msimu ujao wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, anarudi. Hakuna ofisi inayompunguzia nguvu mshindi. Anapunguzwa nguvu kwa kuigwa. Njia ya pili ina faida kwamba haimtegemei mtu mmoja mwenye kalamu. Ina hasara kwamba ni ya polepole, na inataka aliyeshindwa awe na uwezo wa kurudi.

Uwezo huo wa kurudi ndio ulionifanya niikumbuke beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika nzima baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1975. Beni ilikuwa na pande mbili zilizojulikana sana bara, Marini na Arinoti, kila moja ikiwa na vyeo vya kijeshi kuanzia wa juu kabisa hadi askari wa kawaida, sare, gwaride na matarumbeta. Marini walijiona watu wa daraja la juu, wenye elimu na kazi za ofisini. Wengi wa Arinoti walikuwa watu wa hali ya chini. Yaani hata hali za watu ziliingia kwenye sheria ya kundi. Na huko Lamu, ambako mitaa ya Mkomani na Langoni ilishindana kwa ngoma na karamu, ushindi ulipimwa pia kwa ukarimu: umechinja wangapi, umelisha wangapi, umevaa nini. Mwenzako akichinja ng'ombe wawili, wewe uchinje watatu.

Mashindano ya aina hiyo hayana dari. Mtu anaweza kujibu, ndiyo, lakini jibu lake ni kukopa. Watu waliingia kwenye madeni kwa ajili ya heshima ya mtaa. Hapo kipimo changu cha kwanza kinahitaji nyongeza: haitoshi mpinzani awe na jibu, lazima liwe jibu analoweza kulimudu. Zile pointi 2,000 za mezani ni dari. Tajiri na maskini wote wanaingia na jeshi la bei moja, ingawa ukweli ni kwamba dari hiyo inavuja, kwa sababu askari wenyewe wa plastiki wanauzwa ghali na mwenye fedha ana makabati ya kuchagulia jeshi linaloshinda mwezi huo.

Nikiuleta mjadala Katoro, naona hatari inayofanana zaidi na ya Lamu kuliko ya Nottingham. Kanuni ya umati ilitungwa kwa uwanja ambamo sauti ya mtu na ngoma ya ngozi ndizo zilizosafiri. Sasa kuna spika. Kundi lenye jenereta na spika kubwa halishindani na ngoma ya mwenzake, linaifunika. Yule wa pili anaweza kuwa na wimbo mzuri kuliko wote na hakuna atakayeusikia ng'ambo ya uwanja. Hili ni tofauti na chatu, ni tofauti na sanamu. Chatu anamvuta mtazamaji. Spika inamnyima mpinzani njia ya kumfikia mtazamaji. Kwa kipimo chetu, spika ya upande mmoja ni sheria mbovu ya kundi, na haijalishi nani kailipia, awe mwenye duka, mwenye mashimo ya dhahabu au mgombea wa uchaguzi.

Umati wenyewe pia umebadilika. Uwanja wa kijiji cha Wasukuma ulijaa watu walioelewa kila kijembe kilichomo kwenye wimbo. Siku ya soko Katoro, aliyesimama kutazama anaweza kuwa Mha aliyekuja kuchimba au Mhaya mwenye duka la vipuri, naye maneno ya wimbo hayaelewi. Mtu huyo anavutwa na kinachoonekana. Kwa hiyo upande wenye manju mwenye ulimi mkali unapoteza thamani, na upande wenye nyoka na majembe unapanda, bila mtu yeyote kugusa kanuni. Wachambuzi wa michezo ya mezani wanalijua jambo hili vizuri: jeshi lile lile huwa kali au butu kutegemea meza imepangwaje. Hapa meza ni watu. Sioni haja ya kulitungia sheria. Manju wengi hivi sasa wanachanganya Kisukuma na Kiswahili kwenye tungo zao, na hilo ndilo jibu lenyewe, limetoka uwanjani.

Kuna pia suala la uwenyeji. Mcheza kwao hutunzwa, na katika mchezo ambamo mtazamaji ndiye mwamuzi, kutunzwa huko ni ushindi wenyewe. Kundi linalocheza kijijini kwake lina shangazi, wakwe na majirani ambao hawataondoka hata ngoma ya upande wa pili ikitoa miujiza. Hili sina shaka ndilo tundu kubwa la kanuni ya Ngika na Gumha. Dawa yake ya zamani ni marudiano: leo kwako, kesho kwangu. Dawa nyingine ni kukutana mahali pasipo pa yeyote. Tamasha la Bulabo, linalofanyika Juni kule Kisesa karibu na Mwanza sambamba na sikukuu ya Ekaristi, limekuwa uwanja wa namna hiyo. Bujora, jirani na hapo, ndipo padre Mkanada David Clement aliposimamia makumbusho ya Wasukuma yaliyojengwa mwaka 1968, na jengo moja la makumbusho hayo limetengwa kwa ajili ya vyama vya ngoma vya pande zote mbili.

Wapo wanaosema dawa ya matundu haya yote ni kuweka majaji. Nimeusikia mara nyingi ushauri huo na siukubali. Tunao mfano wake kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na kwenye sherehe nyingi za kiserikali: kundi linaingia, linapewa dakika zake, linatoka, la pili linaingia, na watu watatu mezani wanajaza fomu. Kwa watoto wanaojifunza sina ugomvi nao. Lakini kwa Bagika na Bagalu, makundi yakicheza kwa kupokezana, kila kitu nilichokieleza hapo juu kinakufa. Hakuna kujibu. Sanamu ikiinuliwa, mpinzani yuko nje ya uwanja akisubiri zamu. Wimbo wa kejeli unaimbwa kwa mtu aliyeshaondoka. Sheria za kundi zinabaki mavazi na rangi tu, na manju ambaye kipaji chake ni kusoma umati dakika kwa dakika hana pa kukitumia. Mashindano haya ya ana kwa ana ni mali ya Afrika Mashariki nzima, si ya Usukuma peke yake. Mwaka 2000 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha kitabu kuhusu muziki wa ushindani Afrika Mashariki, kikihaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz, na jina walilokipa ni Mashindano!

Kwa hiyo, anayeandaa pambano Katoro na anayetaka haki, aiache kanuni ya umati mahali pake na asiziguse dawa, nyoka wala nyimbo za kundi lolote. Ashughulike na yale yanayomfungia mpinzani njia. Spika ziwe za mwandaaji, idadi moja kwa kila upande, au zisiwepo kabisa. Makundi yapige kura nani acheze upande wa barabarani na nani upande wa ndani, maana wapita njia husimama wanapofika kwanza. Ikifika saa sita mchana yabadilishane viwanja, jinsi timu za mpira zinavyobadilishana magoli. Umati uhesabiwe zaidi ya mara moja, ili basi moja la mashabiki waliokodiwa na kushushwa jioni lisiamue kazi ya siku nzima. Na mfadhili akitaka kutoa fedha azitoe kabla, nusu kwa nusu, bila kujua nani atashinda.

Lililobaki gumu ni fedha inayotunzwa uwanjani, noti zinazobandikwa kwenye paji la uso la manju. Ni sehemu ya ngoma tangu zamani, ni furaha ya mtazamaji, na kuizuia kungekuwa ukatili. Lakini mchimbaji aliyeuza dhahabu asubuhi akianza kubandika noti za elfu kumi kumi upande mmoja, watu hukimbilia kumtazama yeye, na umati unaohesabiwa jioni unakuwa umefuata noti. Waandaaji wanaweza kuweka utaratibu kwamba hesabu isifanyike wakati wa kutunza. Hapo manju wa upande wa pili atakuwa na muda wa kupandisha wimbo na kuwarudisha watu wake.